Nati sio winchi: acheni kuvuta giaboksi kwa spana

Jumapili asubuhi, chai haijashuka hata tumboni, simu inaita. "Shikamoo fundi. Giaboksi imeingia yote, imebaki kama kidole hivi, nikakaza nati za juu ili ivutike, sasa imelia ta!" Nikamuuliza imelia wapi. Kimya. Halafu kwa sauti ya chini kabisa, "Sikio la belihauzingi, fundi." Yaani lile ganda la mbele la giaboksi linalofungwa kwenye injini.

Hii ni ya tatu mwaka huu. Ya tatu! Na wote watatu wanasema maneno yaleyale kama wamesoma darasa moja: ikibaki nafasi kidogo funga nati, itajivuta yenyewe. Nani kawafundisha hiki kitu? Nikiuliza naambiwa "mafundi wote wanafanya". Sawa, na mimi nilishafanya, nitasema huko chini, ila kwanza nimalize hasira.

Huyu kijana na baba yake wanafufua Land Rover 109 Series III hapo nyumbani kwao Isevya, hapa Tabora. Mzee alikuwa anabebea tumbaku nayo enzi hizo njia ya Sikonge, baadaye ikalala chini ya mwembe mpaka kuku wakahamia ndani. Sasa wamevua bodi yote, chesisi imepigwa rangi nzuri tu, injini imerudi, imefika zamu ya giaboksi. Mi sina ugomvi na mtu anayefufua gari nyumbani, tena nawapenda maana wana uvumilivu kuliko sisi wa gereji tunaosubiriwa na tajiri getini. Ila uvumilivu wao wote huwa unaisha kwenye sentimita mbili za mwisho, sijui kwa nini.

Elewa kwanza kinachoingia pale. Shafti ya mbele ya giaboksi inapita kwenye rilizi beringi (ile ya kuachia klachi), inapita katikati ya presha pleti inayobana diski, splaini zake, yaani yale meno marefu ya shafti, zinaingia kwenye splaini za diski ya klachi, halafu pua yake nyembamba inaingia kwenye kabushi kadogo ka shaba kalikokaa mwisho wa krenki, shafti kuu ya injini. Vitu vyote hivyo vinatakiwa viwe mstari mmoja. Sio karibu na mstari mmoja, mstari mmoja. Vikiwa hivyo giaboksi inaingia kwa mikono miwili na goti. Ikikataa, kuna kimoja hakiko kwenye mstari, na wewe unachofanya ukikaza nati ni kukilazimisha kwa nguvu ambayo hata huioni, maana nati moja kwa spana ya kawaida inavuta kwa uzito mkubwa kuliko wewe na shemeji zako wote mkisukuma pamoja.

Sasa hiyo nafasi iliyobaki usiichukie, isome. Ikibaki vidole vitatu hivi na giaboksi inacheza cheza, mara nyingi splaini hazijakutana. Hiyo ndo rahisi kuliko zote: weka gia ya nne, lever ya transifa (ile giaboksi ndogo ya pili iliyoshikana huku nyuma) iwe hai, isiwe nyutro, halafu zungusha drami ya hendibreki pale nyuma ya transifa kwa mkono taratibu huku mwenzako anasukuma. Au acha giaboksi, mwambie mtoto azungushe injini kwa hendeli pale mbele, 109 ina hendeli jamani, sio pambo. Utaisikia inateleza yenyewe. Ikibaki kidole kimoja na ni kigumu kama umegonga ukuta, hapo pua imefika mdomoni mwa bushi na haingii. Ama diski haikai kati, ama bushi mpya ni ndogo (spea za siku hizi, nisiendelee), ama giaboksi imelala upande. Na kidole kimoja ndo hapohapo watu wanapochukua spana.

Halafu angalia nafasi yenyewe iko sawa pande zote? Hiki hakuna anayeangalia. Ikiwa wazi juu na chini imegusa, mkia wa giaboksi umelala, unyanyue. Ikiwa wazi chini na juu imegusa, mkia umepanda sana au injini yenyewe ndo imekaa kitako. Injini ya 109 ina mauntini mbili tu za mbele, huku nyuma inabebwa na giaboksi, kwa hiyo giaboksi ikitoka injini inalala nyuma, lazima uiwekee jeki na kibao chini ya flaiwili hauzingi, lile ganda la nyuma ya injini (usiweke kwenye sampu tupu, lile bakuli la oili, utaibonyeza) kisha ucheze na ile jeki nusu mzunguko nusu mzunguko. Nusu mzunguko wa jeki ndo tofauti kati ya kuingia na kutokuingia. Nimeshawahi kuhangaika toka saa nne mpaka adhuhuri nikidhani ni splaini, kumbe jeki imezama kwenye mchanga. Mchanga wetu wa Tabora mnaujua. Weka ubao mpana chini.

Kijana alikuwa ameitundika kwenye tawi la mwembe na cheni bloku. Sina tatizo na mwembe, nusu ya injini za mji huu zimeshuka kwenye miembe. Tatizo ni alivyofunga. Giaboksi ya Series na transifa yake ni uzito wa gunia la mahindi, na transifa imejitokeza upande wa kulia, kwa hiyo ukifunga kamba moja katikati haining'inii sawa, inageuka kulia na kulala nyuma kama mtu aliyebeba ndoo moja. Funga sehemu mbili, mbele na nyuma, minyororo miwili ya urefu tofauti, ukitaka kuuliza urefu gani sijui, unajaribu mpaka uso wa belihauzingi ulale sawasawa na uso wa flaiwili hauzingi. Ukishaona hapo ndo uanze kusukuma. Yeye alikuwa anasukuma kitu kilichopinda huku kinabembea.

Diski kuiweka kati: nunua kile kijiti cha plastiki ukipenda, mi ninacho cha mninga. Nilimpelekea seremala shafti ya zamani akakichonga kwenye mashine, mwisho mwembamba unakaa kwenye bushi na sehemu nene inajaa diski, mwaka wa ngapi sijui huu hakijapinda. Ukikaza presha pleti kaza kwa msalaba kidogo kidogo, kijiti kikiwa ndani, halafu kichomoe. Kikichomoka kwa kugoma, legeza uanze upya. Upande wa diski uangalie, wengi wanaigeuza, mara nyingi imeandikwa upande wa flaiwili, soma.

Grisi kwenye splaini? Vitabu vingine vinasema paka, vingine vinasema usipake kabisa. Mi napaka kiasi cha kupaka kipele, nafuta kinachobaki. Nilishaacha kupaka kwenye gari kadhaa vilevile na kusema kweli sikuona tofauti. Nilichokiona ni hasara ya anayepaka kama siagi kwenye mkate, inarushwa yote kwenye diski na klachi inateleza kabla hujafika Nzega.

Sasa nirudi kwenye kuvuta kwa nati, maana sikio kuvunjika kwangu mimi ni bahati nzuri. Ndiyo, bahati. Limevunjika, umeona, umeacha. Ubaya ni pale lisipovunjika. Nati zimekaza, nafasi imefunga, watu wanapeana mikono, soda inafunguliwa. Ndani huko diski imebeba uzito wa giaboksi ikiwa imepinda, kitovu chake kimekunjika kidogo tu, hata kwa macho hukioni, au bushi imekatwa mdomo. Mnarudisha sakafu, viti, bodi yote. Siku ya kuwasha gari linaenda mbele kwa shida shida, rivasi inakwaruza kama unasaga chupa.

Na hapa ndo panaponiudhi kuliko hata spana yenyewe. Mtu anapeleka gari mahali, anaambiwa "singronaizi zimekufa hizi, shusha giaboksi tununue seti ya spea". Singronaizi ni zile ringi za kulinganisha mwendo wa gia ili ziingie kimya. Mzee wangu, rivasi ya gari hili haina singronaizi! Haijawahi kuwa nazo. Series III ilipewa singronaizi gia zote nne za mbele, zile za kabla yake zilikuwa nazo ya tatu na ya nne tu, lakini rivasi hakuna. Sasa unanunua singronaizi za nini? Kama rivasi inakwaruza, klachi haiachii. Fanya hivi: injini inasaga taratibu, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu moja mpaka tano bila haraka, ndo utie rivasi. Ikiingia kimya, klachi iko salama, ulikuwa na haraka tu. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, diski bado inazungushwa. Kwanza toa hewa kwenye bomba la klachi, badilisha fluidi, angalia silinda ya chini inasukuma kiasi gani. Hayo yote yakiwa sawa, basi ndo ujue diski imepinda au imeng'ang'ania kwenye splaini, na umuulize aliyefunga giaboksi aliifungaje. Ataangalia chini.

Mimi mwenyewe nilijua hivyo kwa njia ya aibu. Nikiwa kijana wa spana, tulifunga giaboksi ya lori moja usiku, mvua inakuja, imebaki nafasi ndogo, nikasema si nati zipo. Ikaingia vizuri tu. Wiki mbili baadaye kitovu cha diski kikachanika lori likiwa limepakia, njiani, na nikapandishwa basi kwenda kulifungua palepale porini. Nilipoitoa diski niliiweka kwenye goti nikaizungusha, ikawa inacheza kama sahani ya bati. Hakuna aliyenigombeza, ndo ikauma zaidi.

Lakini nisiwe mnafiki. Kuna magari yana dowel, zile pini mbili zinazobana ili giaboksi isihame, na dowel zikiwa na kutu kidogo ile milimita mbili tatu za mwisho haziingii kwa goti. Hapo hata mimi nafunga bolti. Ndiyo nimesema. Ila nafunga baada ya kuona nafasi iko sawa pande zote, shafti inazunguka kwa mkono bila kugoma, na nakaza zamu kwa zamu robo robo, kila baada ya robo nazungusha tena. Ikianza kugoma nalegeza zote. Ukiniuliza kipimo kamili cha lini ni salama na lini sio, sina, vitabu vinasema usifanye kabisa na basi, mi nasema mkono wako ndo unajua na mkono wa mtu wa mara ya kwanza haujajua bado. Kwa hiyo wewe wa mara ya kwanza usifanye. Gari la bolti tafuta bolti mbili ndefu, kata vichwa, chonga mfereji wa bisibisi kwa msumeno, zifunge kama studi za kuongoza. 109 studi zipo tayari, shukuru.

Vingine haraka haraka. Oili EP90, giaboksi na transifa kila moja ina plagi yake ya kujazia, ukijaza moja nyingine haijai kwa huruma. Usiweke 140 ili kuficha kelele, kelele ni beringi. Na ile plagi ya kuvukia maji chini ya flaiwili hauzingi, ifunge ukienda kwenye maji, ukitoka ifungue. Ukiiacha siku zote, oili ikivuja kidogo kwenye sili ya krenki haina pa kutokea, na klachi ndo inakunywa.

Sikio lile hatukulichomelea. Aluminiamu ya zamani iliyolowa oili kuichomelea inawezekana, ila uso ukipinda kidogo tu tumerudi kulekule kwenye mstari. Ikaagizwa nyingine iliyotumika toka Gerezani, Dar, ikaja na basi imefungwa kwenye gunia la salfeti. Jumamosi tukaitundika upya, minyororo miwili, ubao chini ya jeki. Mara ya kwanza ikabaki vidole vitatu, kijana akazungusha drami, ikateleza. Ikabaki kidole kimoja, akaangalia spana, akaniangalia mimi. Juu palikuwa wazi kidogo. Nikamwambia vuta cheni ya nyuma jino moja. Akavuta. Mzee alikuwa ameweka kiganja tu kwenye transifa, hata hasukumi, ikasema tup ikakaa.

"Ndo hivyo tu?" Mzee akauliza.

Kabla ya sakafu kurudi tulikaa na kanyagio la klachi: gia ya kwanza, mmoja anakanyaga, mwingine anazungusha drami ya nyuma kwa mkono. Ikikanyagwa inazunguka, ikiachiwa inagoma. Fanyeni hivyo bodi ikiwa nje, ni dakika moja. Sakafu yenyewe bado iko kwa mchomeleaji na breki hazina hata bomba moja, kwa hiyo msianze kuniuliza safari ya Sikonge ni lini.