“Wasomaji wangu watanifuata”: dhana potofu za mkongwe wa safu ya michezo anayehamia mtandaoni

Waandishi wakongwe wa michezo wanaoliaga gazeti huja na sentensi ileile, nami imeshanichosha: “Mimi nina wasomaji wangu, nikihama watanifuata.” Hawatakufuata, hata wale wanaokupenda, maana wao walinunua gazeti na safu yako waliikuta ndani.

Tazama gazeti linavyosomwa hapa Dodoma. Nakala moja inanunuliwa, inatua kijiweni Sabasaba au Majengo, inapita mikono ya watu wasiohesabika hadi jioni. Aliyetoa hela kavutwa na Simba na Yanga za ukurasa wa mbele. Waliobaki wanasoma kwa sababu gazeti liko mezani. Safu yako ya Jumanne wanaikuta kwenye kona ileile, yenye picha yako ileile, na siku ukiondoka kona hiyo anapewa mwingine. Wewe huna namba ya hata mmoja wao, na wao hawana yako. Mauzo ya nakala anayokuonyesha mhariri hayawezi kupigiwa simu.

Kwa hiyo kuhama kunaanza miezi mitatu kabla ya barua ya kuacha kazi. Anza na mkataba. Jina la safu mara nyingi linabaki na gazeti, na makala ulizoandika ukiwa mwajiriwa, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, huhesabiwa kuwa za mwajiri isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Omba ruhusa ya maandishi ya kuchapisha upya hata chache tu. Jenga jina lako, la safu liache.

Kisha nunua domeini (anwani ya tovuti) ya .co.tz kwa jina lako na kwa barua pepe yako. Hapa naomba nieleweke: kwa barua pepe YAKO. Fundi anayekutengenezea tovuti atakuambia “niachie mzee, nitakusajilia.” Akisajili kwa jina lake, siku mkigombana kuhusu malipo, au akisahau kulipia ada ya mwaka, anwani imekwenda na kila linki uliyowahi kutuma inafunguka ukurasa mtupu. Fundi mpe ruhusa ya kuingia kwenye mitambo. Umiliki kaa nao mwenyewe.

Fungua chaneli ya WhatsApp, si grupu. Grupu linaishia watu 1,024, kila mmoja anaiona namba yako, na usiku wa dabi utashinda ukifuta matusi badala ya kuandika. Chaneli haina kikomo hicho na namba yako inafichwa. Kusanya na barua pepe za wasomaji, hata kama wataanza hamsini. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa hapa nchini, na mwandishi aliyekuwa amewaweka wasomaji wake wote kule alibaki anawatafuta upya.

Mwombe mhariri aya moja ya kuaga. Akikataa kutaja anwani yako mpya, ambayo ni haki yake, hakikisha walau jina limeandikwa herufi kwa herufi kama litakavyokuwa mtandaoni, kwa kuwa msomaji ataliandika Google. Ukiwa umejulikana miaka yote kwa jina la utani, halafu tovuti ukaisajili kwa majina matatu ya cheti cha kuzaliwa, utakuwa umejificha mwenyewe. Usifungue milango bila makala kumi za akiba: anayeingia siku ya kwanza akakuta moja harudi. Na kama siku yako ilikuwa Jumanne, baki Jumanne.

Halafu wengi hubandika makala nzima kwenye magrupu “ili isambae.” Itasambaa kweli. Mtu wa tatu atafuta jina lako, wa nne ataweka lake, jioni utatumiwa kazi yako mwenyewe ukiulizwa kama umeisoma. Tuma aya mbili za mwanzo na linki, basi.

Hiyo ndiyo dhana potofu kubwa. Nyingine hizi.

“Kichwa cha mafumbo ndicho kinauza.” Gazetini ndiyo, kwa kuwa kichwa kimekaa ubavuni mwa picha na msomaji anaelewa kwa jicho moja. Mtandaoni kichwa kinatokea peke yake kwenye orodha ya matokeo, na hakuna anayetafuta “Walima Zabibu wachanua Jamhuri.” Watu wanaandika “Dodoma Jiji” na jina la mpinzani. Majina halisi yaingie ndani ya herufi 60 za mwanzo, kwani zinazozidi hapo mara nyingi hukatwa. Fumbo lako zuri liweke aya ya kwanza; litachekesha vilevile.

“Mtandaoni ni kuwahi.” Kijana aliyekaa jukwaani na simu atakuwahi kila mechi, mwache. Mtaji wa mkongwe ni kumbukumbu. Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho 2025 dhidi ya RS Berkane, kila mazungumzo yalirudi kwenye fainali ya 1993 na Stella Abidjan, na vijana wengi walikuwa hawajazaliwa. Karibu zaidi na hapa, kuna timu za Singida: kuna Singida United, kisha DTB iliyogeuka Singida Big Stars 2022, ikawa Singida Fountain Gate 2023, halafu 2024 Ihefu ikahamia Singida na kuwa Singida Black Stars. Shabiki anachanganyikiwa kila msimu, na wewe uliziandika zote zikitokea. Makala ya namna hiyo andika mara moja, kisha iboreshe kila msimu kwenye anwani ileile. Ukifungua ukurasa mpya kila mwaka, unashindana na wewe mwenyewe kwenye matokeo ya utafutaji.

“Watu wa mtandao hawasomi makala ndefu.” Wanasoma. Wanachokimbia ni ukurasa unaokula bando. Picha iliyotoka kwenye simu inaweza kuwa na MB 4 au zaidi. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 na chini ya KB 200 kabla ya kuipandisha.

“Blogu ni yangu, leseni ya nini?” Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, na anayetoa habari na matukio mtandaoni anahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Kitambulisho chako cha uandishi hakichukui nafasi yake. Ada imebadilika mara kadhaa, hivyo usilipe kwa kusikia. Tazama jedwali lao la sasa.

“Sekunde kumi za goli hazina shida.” Zina shida. Azam Media na shirikisho la soka, TFF, walitia saini mwaka 2021 mkataba wa haki za matangazo ya televisheni ya Ligi Kuu wa miaka kumi, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hawakutoa fedha hizo ili wewe upandishe goli bure. YouTube ikikupa maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli nzima inaweza kufutwa, pamoja na video zako halali. Kaa mbele ya kamera, chora mfumo wa timu kwenye ubao, eleza goli lilivyoingia.

Na ya mwisho, “watazamaji wakiwa wengi hela inaingia yenyewe.” Ili upate mgao wa matangazo YouTube kwa video ndefu unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, saa za video fupi za Shorts hazihesabiwi humo. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua ya karatasi yenye PIN kwa njia ya posta, na ndani ya miezi minne usipoiingiza mapato ya chaneli yanasimamishwa. Malipo yenyewe hutoka yakifika dola 100. Wakongwe wengi wametumia sanduku la posta la ofisi ya gazeti maisha yao yote, na hilo ndilo wanalojaza kwenye fomu bila kufikiri. Barua inafika kwenye ofisi uliyoihama. Kodi S.L.P. yako kabla ya kujaza fomu.