Ukitaka Kuielewa Gede, Anzia Kwenye Tope la Mida

Wageni wengi wanaofika Watamu, pwani ya Kenya, na kutaka kutembezwa huomba kwanza Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Wameshaona picha za kuta zilizobanwa na mizizi ya miti, wanataka waingie, wapige zao, kisha warudi ufukweni kabla jua halijawa kali. Mimi kazi yangu ni kutembeza watu, na nikiachiwa nipange ratiba mwenyewe naigeuza: asubuhi tunaingia hori la Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kwenye mikoko, na Gede tunaikuta baadaye. Mji ule umejengwa kwa vitu vilivyotoka baharini, na anayeuingia bila kuiona bahari yenyewe huona mawe tu.

Ubishi huanza kwenye tarehe. Mtu ameshapanga Jumatano, nami namwambia tuangalie mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji huku kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa nne hiyohiyo unakuta hori limejaa. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo mvuvi yeyote wa Dabaso, kijiji cha hapa jirani, anaweza kukuhesabia wiki nzima bila kushika kitabu.

Watu hudhani kwamba maji yakipwa kabisa ndipo ndege huonekana vizuri. Kumbe wakati huo ndege wametawanyika mbali kwenye tope, vidoa vidoa, na hata mwenye darubini nzuri hafaidi. Ninachokitaka ni maji yanayorudi. Yakianza kujaa humega tope kidogokidogo, na ndege husogea mbele yake hadi wanakusanyika karibu nawe. Ndiyo maana napenda siku tatu hivi kabla ya bamvua: maji yanapwa mnamo saa mbili, tunakanyaga tope huku yakiwa chini, na kufikia saa nne bahari yenyewe inatuletea ndege.

Mikoko kwanza. Mgeni huona msitu mmoja wa kijani. Mkazi wa hapa huona miti yenye majina na kazi tofauti. Upande wa bahari kuna mlilana, usioogopa kuzama. Mkoko wenyewe unasimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, na mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikarefuka kama mkuki, ndipo ikaanguka. Mkandaa gome lake hutoa rangi na hutumika kuandaa ngozi za wanyama. Mchu hutoa vijiti vya mizizi vinavyochomoza topeni ili mti upumue, na majani yake hutoa chumvi. Hapo huwaambia wageni walambe jani. Watu wazima husitasita, watoto hulamba mara mbili.

Kisha nawaonyesha nguzo. Biashara ya miti hii ilikuwa na vipimo vyake kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Majahazi yaliipakia kwa karne nyingi kwenda Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni adimu, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Kati ya vipimo hivyo, boriti ndiyo ninayowaomba waikumbuke, tena nawaomba waipime kwa mikono yao. Sisemi kwa nini.

Chini ya mikoko kuna kaa dume wadogo wenye gando moja kubwa na jingine dogo, wanaolipunga lile kubwa kuwaita majike na kuwatisha wenzao. Kuna samaki wanaotoka majini na kurukaruka juu ya tope. Hapa huwa siongei sana. Ukisimama kimya kwa dakika chache, tope lote huanza kutembea.

Ndege wa Mida ninayemthamini kuliko wote ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye wanasayansi humwita Dromas ardeola. Chakula chake ni kaa, na mdomo ule umeumbwa kuwavunja. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za kandokando ya Bahari ya Arabu, Bahari ya Shamu na Ghuba, na jike hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya wale wanaotembea ufukweni anayetaga kwa namna hiyo. Wanapofika kwetu baada ya msimu wa kuzaliana, kinda mwenye rangi ya kijivu bado humfuata mzazi akilia apewe chakula, ingawa ameshavuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe. Kwa wazazi waliomo kwenye kundi hakuna haja ya maelezo. Pamoja nao wako vitwitwi waliozaliwa kwenye nyika za baridi za Siberia, ambao hukaa hapa miezi mingi kuliko wanayokaa huko.

Kutoka Mida hadi Gede tunapanda matatu. Kutembea kando ya barabara kuu ya Malindi ni kula vumbi bila faida. Ukiwa ndani ya gari, angalia upande wa bara: ule ni msitu wa Arabuko-Sokoke, takriban kilomita za mraba 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Huo unataka siku yake, tena unataka alfajiri.

Gede sasa. Mji ulianza kujengwa yapata karne ya 12, ukafikia kilele katika karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 na akaendelea kwa miaka kumi. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaburi moja limechongwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, nalo ndilo lililowasaidia wachimbaji kupata pa kuanzia kuhesabu.

Nikishawaingiza ndani ya nyumba mojawapo, nasubiri. Karibu kila mara kuna atakayeuliza: "Mwalimu, mbona watu matajiri hivi walikaa kwenye vyumba vyembamba hivi?" Namwambia arudishe mikono yake kwenye ile boriti ya Mida. Dari la nyumba hizi lilikuwa la mawe na chokaa, zito mno, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba mzigo huo ikivuka mita 2.5 hadi 3. Kwa hiyo tajiri aliweza kukirefusha chumba apendavyo, lakini kukipanua hakuweza. Alipotaka nafasi zaidi aliongeza chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza. Mpangilio wa nyumba za mawe kuanzia Lamu hadi Kilwa unaanzia kwenye kipimo hicho cha mti.

Kuta nazo zimetoka baharini. Mwamba ulio chini ya pwani hii ni matumbawe ya kale, yaliyokua maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Mawe ya kuta yalichimbwa humo. Kwa kazi ya kuchonga, kama mihrabu na fremu za milango, mafundi walikata tumbawe hai kutoka majini. Likiwa bado bichi ni laini na hukubali patasi, likikauka huwa gumu. Chokaa ni matumbawe hayohayo, yaliyochomwa juu ya rundo la kuni.

Kirkman alizipa nyumba majina kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, na nyingine ya sarafu za Kichina. Palipatikana vyombo vya kaure vya enzi ya Ming na vioo vya Venice. Bado sikubaliani na waongozaji wanaovihesabu vitu hivi kana kwamba ndivyo vilivyoujenga mji. Vililetwa na biashara, na biashara ilifanywa na watu walioishi hapa, waliochimba visima hivi na kusali katika msikiti huu.

Swali linalobaki ni kwa nini waliondoka. Wapo wanaotaja mashambulizi ya Wagala (Waoromo), wapo wanaotaja Wazimba, kundi la wapiganaji waliopita pwani hii mwaka 1589, wapo wanaosema maji ya visima yalishuka. Mimi naegemea kwenye maji yakichanganyika na hofu: mji ulio kilomita kadhaa kutoka baharini hauna pa kukimbilia visima vikikauka. La kushangaza zaidi ni kwamba Wareno walikaa Malindi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, miaka mingi kabla ya kuhamia Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na hakuna andishi lao linaloitaja Gede kwa jina hilo.

Wagiriama wa vijiji vya jirani husema roho za wazee wa mji bado ziko, na kwamba anayeharibu kitu humu atawajibishwa. Nayasema hayo kama nilivyoyapokea, kwa heshima. Kuyageuza hadithi ya kutisha watalii sikubali, hata wakiomba.

Kabla ya kutoka, tembeeni polepole kwenye vijia vya nyuma. Kima mtawaona tu, hao hawana haya na watakiangalia chakula chenu. Wa kutafuta ni sengi, mnyama mdogo mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mwenye pua ndefu, akifukua majani makavu kutafuta wadudu. Makazi yake makuu ni Arabuko-Sokoke, lakini wapo wachache katika msitu huu mdogo wa magofu. Dume na jike hukaa pamoja katika eneo moja, ingawa mara nyingi utamwona mmoja tu, tena kwa sekunde chache. Kwanza utasikia majani.

Ndege wahamiaji wako Mida kuanzia Agosti hadi Aprili. Masika yakianza, vijia vya Gede huteleza na mbu huwa wengi, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Na njoo na viatu vya kamba. Tope la Mida huvua ndala, na halirudishi.