Tamthilia ya kumbukumbu ni nini?

Waliosoma fasihi shuleni wakikutana na jina hili hudhani ni kisengerenyuma kilichobadilishwa nguo. Ni vitu viwili. Kwenye kisengerenyuma hadithi inaishi leo, inachungulia jana mara moja, kisha inaendelea na safari yake. Kwenye tamthilia ya kumbukumbu karibu kila tunachokiona jukwaani kimeshapita, na kinatufikia kupitia mtu mmoja anayekikumbuka. Samani, maneno, muziki, hata mwanga, vyote vimepita kichwani mwake kwanza.

Aliyelipa jina hili nguvu ni Tennessee Williams wa Marekani, katika The Glass Menagerie, yaani mkusanyiko wa wanyama wa kioo. Tamthilia hiyo ilionyeshwa kwanza Chicago mwezi Desemba 1944, ikahamia Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho New York, Machi 1945. Inapoanza, kijana aitwaye Tom anatokea amevaa kibaharia, anasimama kwenye ngazi za chuma za nje, zile za kukimbilia moto ukizuka, na anasema na watazamaji ana kwa ana. Anawaonya mapema: hii ni kumbukumbu, kwa hiyo mwanga wake ni hafifu, ina hisia nyingi, na haifuati uhalisia. Tena katika kumbukumbu mambo hutokea kama yanapigiwa muziki, basi msishangae mkisikia fidla pembeni.

Kisa chenyewe ni kifupi. Ni fleti ya watu wa hali ya chini mjini St. Louis, miaka ya 1930. Mama, Amanda, amekulia majimbo ya Kusini na hachoki kusimulia Jumapili aliyotembelewa na vijana kumi na saba waliomtaka. Binti yake Laura anachechemea, ana haya kupita kiasi, na hushinda na wanyama wake wa kioo na santuri kuukuu. Tom anafanya kazi ghala la viatu. Usiku anakimbilia sinema. Baba aliondoka zamani, imebaki picha yake ukutani, inatabasamu. Mwishoni Tom naye anaondoka. Hapo ndipo penye uzito: anayetusimulia ndiye aliyewatoroka hao anaowasimulia.

Sasa angalia dhana hiyo inavyofanya kazi jukwaani. Williams aliagiza ukuta wa nyumba uwe wa kitambaa cha shashi. Ukikimulika kwa mbele unaona ukuta. Ukiwasha taa nyuma yake, ukuta unayeyuka na watu wanajitokeza mezani. Wanakula, lakini hakuna chakula wala uma: mikono tu inakwenda na kurudi, kwani Tom anakumbuka kero ya kuelekezwa namna ya kutafuna, si kilichokuwa sahanini. Mwanga nao mara nyingine hauangukii anayesema. Tom na mama yake wanapogombana kwa makelele, Williams anataka taa imwangukie Laura, asiyetia neno. Ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba miaka imepita na maneno ya ugomvi yamefifia, lakini uso wa dada haujafutika.

(Wapo waongozaji wanaosoma “mwanga hafifu” na kuzima nusu ya taa. Watazamaji wanasinzia. Uhafifu unaotakiwa hapa ni wa kuchagua nini kionekane, si wa kubana umeme.)

Lakini sehemu inayonisumbua mimi zaidi ni onyesho la mwisho. Tom amemleta nyumbani Jim, mfanyakazi mwenzake, ili amwone Laura. Umeme unakatika kwa sababu Tom hakulipa bili. Fedha hizo ameshazitumia kujiandikisha ubaharia. Jim na Laura wanabaki sebuleni na mishumaa, wanacheza dansi, wanagonga meza, na farasi wa kioo mwenye pembe moja anaanguka na kuvunjika pembe. Jim anambusu Laura, kisha anakiri kwamba ana mchumba. Swali: Tom alikuwa wapi? Jikoni, na mama yake. Hakuyaona hayo. Basi anayakumbukaje? Wapo wanaosema mtunzi aliteleza. Mimi naona hapo ndipo tamthilia ya kumbukumbu ilipofikia ukomavu wake: mwenye hatia huyajaza hata yale ambayo hakuyashuhudia, tena huyajaza kwa upole kuliko yaliyotokea mbele yake. Williams mwenyewe jina lake la kuzaliwa ni Thomas, alipata kufanya kazi katika kampuni ya viatu, na dada yake Rose alifanyiwa upasuaji wa ubongo Januari 1943, karibu miaka miwili kabla ya tamthilia kupanda jukwaani.

Kuna kifaa kimoja ambacho maonyesho ya kwanza yalikiacha: skrini ya kurushia picha na maneno mafupi juu ya kinachoendelea. Wengi hadi leo wanakiacha, na sioni hasara kubwa.

Watu huiweka Death of a Salesman ya Arthur Miller, ya mwaka 1949, kwenye kapu hilihili. Wanachanganywa na kufanana kwa jukwaa: michezo yote miwili ilipangiwa jukwaa na mtu mmoja, Jo Mielziner, na kwa Miller pia kuta zina tabia ya ajabu. Wakati wa leo wahusika hupita mlangoni. Mambo ya zamani yakija, wanapenya ukutani. Ila Willy Loman, mhusika mkuu wa Miller, hasimulii chochote. Yaliyopita yanamvamia yeye, na leo yake inaendelea kumbana pande zote. Ushahidi mzuri uko mwishoni: Willy amekufa, na mchezo bado unaendelea kaburini bila yeye.

Kwa Williams hilo haliwezekani: bila Tom anayekumbuka hakuna mchezo. Katika dakika za mwisho Amanda anamliwaza binti yake nyuma ya ukuta ule mwangavu, midomo inacheza na sauti haitoki, huku Tom akizungumza kutoka nje, miaka mingi baadaye. Anamwomba Laura azime mishumaa. Laura anaipuliza, na Tom anaaga.