Mafuta mazito, mvuke wa propani, na hesabu inayotudanganya

Juzi hapa Amu (Lamu) jamaa alikua anaziba tangi kwa lami, ikawa ngumu, akatia petroli kidogo ikalainika bila hata moto. Nikamwambia hiyo ndo kazi yangu mimi, tofauti ni kwamba lami yangu ni mafuta mazito mno yaliyo chini ya ardhi. (Wengi huniuliza kuhusu mafuta ya Lokichar, kule Turkana, yaliyopangwa kuletwa Lamu kwa bomba, yale si mazito hivi, yale yana nta, yakipoa yanaganda, ni shida nyingine kabisa.)

Mafuta ninayosema ni kama ya Athabasca kule Kanada, mnato wake, yaani ule ugumu wa kutiririka, unapita sentipoizi (kipimo cha mnato) milioni 1 wakati maji ni 1 tu. Kwa njia ya VAPEX (kutoa mafuta kwa mvuke) unachimba visima viwili vya kulala, kimoja juu ya kingine, cha juu unapitisha mvuke wa propani au butani, mvuke unaingia kwenye mafuta, yanakua mepesi, yanateremka yenyewe kwa uzito wake hadi kisima cha chini.

Sasa swali la mwenye pesa ni moja tu, yatatoka mangapi kwa siku? Watafiti wa njia hii, Roger Butler na Mokrys, walitoa fomula yao mwaka 1989, walijaribu kwa vioo viwili vilivyosogezwa karibu karibu, wakapata kwamba kasi ya mafuta kutoka inafuata kipeuo cha pili (yaani kipeo 0.5) cha urefu wa tabaka kwenda juu, na cha upenyezaji wa mwamba (jinsi unavyopitisha mafuta) vilevile. Ni fomula nzuri sana na mimi naiheshimu, lakini ukitoka kwenye vioo ukaingia kwenye mchanga mafuta yanatoka mengi kuliko ilivyosema, manake kwenye mchanga mvuke na mafuta vinachanganyika zaidi njiani, si ule upenyaji wa polepole peke yake.

Na hapo kwenye urefu ndo watu wanapotea. Watafiti wengine, Yazdani na Maini, walipopima maboksi ya mchanga wenye mafuta ya urefu tofauti, kipeo cha urefu kilitoka kati ya 1.1 na 1.3, si 0.5. Chukua boksi la sentimita 30 ulipeleke kwenye tabaka la mita 30, yaani mara 100: kwa kipeuo cha pili kasi inapanda mara 10, kwa 1.1 inapanda kama mara 158! Data ni ile ile, boksi ni lile lile, na hapo mtu ashaamua kuchimba au kuacha.

Kwa hiyo mimi boksi moja silikubali. Nataka angalau urefu wa aina tatu, kwa mchanga ule ule na presha ile ile, alafu kipeo nikitafute humo humo kwenye data, na hata nikikipata nampa mteja namba ya chini na ya juu, kwa sababu hayo maboksi yote bado ni mafupi mno ukilinganisha na tabaka lenyewe. Presha naiangalia sana, propani ikikaribia kugeuka kimiminika, asfalteni (ile sehemu nzito kabisa ya mafuta) zinaanza kujitenga, mafuta yanayotoka yanakua mepesi na yana bei zaidi, ila zile asfalteni zinabaki kwenye mchanga na zinaweza kuziba njia, na fomula ya 1989 hiyo haiioni.