"Therefore" na koma yake: dhana potofu kuhusu maneno ya sababu na matokeo katika Kiingereza

Mimi husahihisha insha za Kiingereza za wanafunzi wa sekondari hapa Kisumu, na kuna sentensi moja ambayo hunirudia kwa sura nyingi: "The water hyacinth covered the bay, therefore the boats could not leave Dunga." Hoja ya mwanafunzi ni ya kweli. Magugumaji yakijaa ghubani, mashua hazitoki. Kosa liko kwenye koma.

Dhana: "therefore" hufanya kazi sawa na "so".
Maana zinakaribiana, lakini kazi ni mbili. "So" ni kiunganishi: koma ikitangulia, chenyewe kinashika vishazi viwili. "Therefore" ni kielezi, na hakiwezi kushika sentensi mbili peke yake. Kabla yake weka nukta au nukta-mkato, au kipe msaada wa "and". Ukitaka kujua neno ni la kundi gani, jaribu kulihamisha. "The boats therefore could not leave" inasomeka vizuri. "The boats so could not leave" haisomeki kabisa. Kielezi hutembea ndani ya sentensi, kiunganishi hakitoki mpakani. "Consequently", "thus" na "as a result" ni wa ukoo wa "therefore". Nadhani watoto wetu huteleza hapa kwa sababu "kwa hivyo" ya Kiswahili huandikwa baada ya koma na hakuna anayelalamika.

"Hence" ina ruhusa ya ziada: hufuatwa na nomino tupu bila kitenzi, na hapo koma inakubalika. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, kituo cha mwisho kiliitwa kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi. Basi utaandika: "The engineer's wife was called Florence, hence the name Port Florence."

Dhana: ukianza na "because", katikati lazima uweke "so".
Kwetu ni kawaida kusema, "Kwa sababu Mto Nyando ulivunja kingo, kwa hivyo watu wakahama." Kiingereza kinataka alama moja tu. Chagua "because" au "so", nyingine uifute.

Dhana: sentensi haianzi na "because".
Inaanza. Kinachokatazwa ni kukiacha kishazi hicho kikielea bila kishazi kikuu.

Dhana: "subsequently" ni "consequently" kwa jina lingine.
Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linageuza ukweli wenyewe. "Subsequently" inasema jambo lilitokea baadaye, basi. "Consequently" inadai kwamba la kwanza limezaa la pili. Ukiandika kuwa maji ya Ziwa Nakuru yalipanda na "subsequently" heroe wengi wakahama, umetaja mfuatano tu. Ukiandika "consequently", umeshika deni la maelezo: maji mengi yalizimua magadi, mwani ambao ndege hao hula ukapungua, nao wakafuata chakula kwenye maziwa mengine kama Bogoria. Bila mnyororo huo, kielezi hakileti sababu yoyote, hata kikiwa kirefu namna gani.

Dhana: "as a result" na "as a result of" hazina tofauti.
"Of" inageuza mwelekeo. "As a result" hufuatwa na matokeo: "As a result, the road was closed." "As a result of" hufuatwa na chanzo: "As a result of the floods, the road was closed."

Dhana: katika kujaza mapengo, neno refu ndilo lenye alama.
Zoezi hilo lina alama 10 katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Tazama alama za uandishi kabla ya kutazama maana. Pengo likiwa baada ya koma na kishazi kizima kikafuata, ukiona sababu na matokeo, "so" inatosha. Likianza sentensi na baada yake pana koma, hapo ndipo "therefore" au "consequently" inapokaa.