Saini ya barua pepe: dhana potofu zinazogharimu ofisi zetu Mbeya

AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi au msafirishaji wa parachichi Rungwe hufahamika kwa mnunuzi wa nje kupitia barua pepe kabla hawajaonana. Mistari michache inayojiandika chini ya kila ujumbe ndiyo inayomtambulisha. Inaniuma kuona inakosewa kwa mambo yanayorekebishika mara moja.

"Kaka, saini nilishaweka, iko kila mahali."

Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Ukweli ni kwamba saini hufanya kazi pale ilipowekwa. Katika Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, kila akaunti ina saini yake, hivyo anwani ya mauzo inaweza kuwa nayo na ya uhasibu ikawa tupu. Programu ya Gmail kwenye simu ina sehemu yake ya saini ya simu, mbali na ile uliyoandika kwenye kompyuta. Tena Gmail na Outlook hukupa nafasi mbili za kuchagua: saini ya ujumbe mpya na saini ya majibu. Ukijaza ya kwanza ukaiacha ya pili, majibu yako yote yatatoka bila jina wala cheo. Jitumie ujumbe, ujijibu, kisha rudia kwa simu. Utaona penye pengo.

"Nikichagua mwandiko mzuri, mteja atauona hivyohivyo."

Hapana. Ujumbe hubeba jina la fonti (aina ya mwandiko) tu, fonti yenyewe inabaki kwako. Kama mpokeaji hana fonti hiyo, programu yake itaweka nyingine. Kwa mtindo wa kudumu chagua Arial, Verdana au Georgia, na maandishi meusi.

"Nembo kubwa inaonyesha ofisi makini."

Programu nyingi huzuia picha zinazovutwa kutoka kwenye tovuti mpaka mpokeaji aruhusu. Ukiiambatisha ndani ya ujumbe, hufungashwa kwa namna inayoongeza ukubwa wake kwa takribani theluthi moja: nembo ya kilobaiti 300 husafiri ikiwa kama 400, na wenye kulipia bando ni nyinyi na mteja. Jina, cheo, ofisi na namba ziwe maandishi ya kawaida, na namba ianze na +255, kwa sababu aliye Ujerumani akipiga 07 hakupati.

"Ina jina na nembo, basi imetoka kwake kweli."

Hapa naomba wahasibu wasikie vizuri. Saini ya aina hii ni maandishi matupu. Yeyote aliyewahi kupokea ujumbe wako anaweza kuinakili nzima, nembo na yote. Kinachothibitisha mtumaji ni saini ya kidijitali, inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri wa mwenye akaunti, kwa mfumo wa S/MIME au OpenPGP. Thunderbird ina OpenPGP ndani yake tangu toleo la 78 la mwaka 2020. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inatambua saini za kielektroniki.

Kwa hiyo ukiletewa ujumbe kwamba akaunti ya benki ya muuzaji wa mbolea imebadilika, usiridhike na saini iliyo chini. Mpigie kabla ya kulipa, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe huo.