Kwa nini kitunguu saumu hakimmalizi bakteria wa vidonda vya tumbo?

Mtu mwenye vidonda vya tumbo Mbeya au Iringa hapungukiwi washauri. Huyu atamkataza pilipili, yule atamwambia ameze punje za kitunguu saumu alfajiri, mwingine atamsagia kabichi mbichi. Wote wana chembe ya ukweli, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Pilipili, mawazo na kukaa na njaa huchokoza kidonda kilichopo tayari. Wanaokianzisha kwa kawaida ni wawili: dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na aspirini, na bakteria aitwaye Helikobakta pailori. Huyu alioteshwa maabara mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, tena kwa bahati: sahani zilizozoeleka kutupwa baada ya siku mbili ziliachwa siku tano kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Mwaka 1984 Marshall akamnywa makusudi, akaumwa. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Imani ya kabichi ni ya kabla ya hapo. Mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa San Francisco aliwapa wagonjwa 13 juisi ya kabichi mbichi, takriban lita moja kwa siku, na vidonda vyao vikafunga upesi. Bakteria alikuwa bado hajulikani, kwa hiyo hakuna aliyeangalia kama ameondoka. Na vidonda vya tumbo vina tabia ya kufunga vyenyewe, kisha kurudi. Maziwa nayo ni hivyo hivyo: hutuliza kwa muda mfupi, halafu protini na kalsiamu yake hulichochea tumbo kutoa tindikali zaidi.

Bakteria huyu anaishije kwenye tindikali inayoua vijidudu wengi? Mkulima wa Njombe mwenye shamba lenye tindikali anaweza kutia chokaa kwenye shimo la mbegu tu, badala ya shamba zima. Bakteria anafanya vivyo hivyo. Ana kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi za kikemia, kinachovunja urea, taka ya kawaida ya mwili iliyomo pia tumboni, na kutoa amonia, ambayo ndiyo chokaa yake, inayopoza tindikali pale alipo tu. Akishapata nafuu anaogelea hadi chini ya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, anatulia huko.

Sasa mlete kitunguu saumu. Kwenye sahani ya maabara, maji yake yanamkalia bakteria juu saa nyingi, naye hana pa kujificha. Tumboni yanachanganyika na chakula, yanapungua nguvu na kupita kabla ya kuuvuka ute. Anayemeza punje nzima kama kidonge anajipunja zaidi: alisini, kiini chenye nguvu, hutokea punje inapopondwa, na kimeng'enya kinachoitengeneza huharibiwa na tindikali. Ukitaka ipatikane, ponda, acha dakika 10, ndipo ule au upike. Hata hivyo, mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye bakteria huyu punje 10 mbichi zilizokatwakatwa pamoja na chakula, na kipimo cha pumzi cha kumtambua bakteria hakikuonyesha mabadiliko. Jaribio lilikuwa dogo na la muda mfupi, kwa hiyo halifungi mjadala.

Machipukizi ya brokoli, mboga ya jamii ya kabichi, yana rekodi bora kidogo. Nchini Japani, gramu 70 kwa siku kwa wiki 8 zilipunguza dalili za kuwepo kwa bakteria. Walipoacha kula, vipimo vikarudi vilikokuwa. Anayetaka kujioteshea asitumie mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi: ile ni dawa ya kuua kuvu.

Chakula ninachoona kina nafasi ya kweli ni mtindi, lakini pembeni ya dozi ya hospitali. Hupunguza kuharisha kunakoletwa na antibiotiki, na huenda ukaongeza kidogo uwezekano wa kupona. Chemsha lita moja ya maziwa, yapoe hadi uvuguvugu, tia vijiko 3 vya mtindi mzuri. Kwa baridi ya Makete ya mwezi wa Juni, funga chombo kwa blanketi, la sivyo hayagandi. Ukishaganda usiuchemshe, utaua bakteria unaowahitaji. Kama dozi ina antibiotiki ya tetrasaiklini, achanisha dawa na mtindi kwa muda wa saa mbili, maana maziwa huizuia kufyonzwa.

Dozi yenyewe, mara nyingi ya siku 14, ina omeprazoli na antibiotiki angalau mbili. Omeprazoli ndiyo inayotia chokaa shamba zima: tindikali ikishuka bakteria huanza kuzaana, na amoksilini humuua vizuri anapokua. Anayekatisha siku ya 5 kwa sababu maumivu yamekwisha huwaacha hai walio wagumu zaidi.

Kupima kama umepona, subiri wiki 4 baada ya antibiotiki na wiki 2 bila omeprazoli, kisha omba kipimo cha kinyesi au cha pumzi. Cha damu hakifai kwa kazi hiyo, kwani kingamwili, yaani askari wa mwili waliotengenezwa dhidi yake, hubaki miezi mingi baada ya bakteria kwisha. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asisubiri kipimo chochote. Aende hospitali siku hiyo hiyo.